Saa Mbili Usiku ni Saa Ngapi? Akili Bandia na Kazi ya Sheria Tukiitazama kutoka Pajulu



Katika toleo hili tumechagua mada ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni ya jirani zetu wa kitivo cha sheria, yaani jinsi kompyuta, mtandao na akili bandia zinavyobadilisha kazi ya mawakili, mahakimu na majaji. Tunaamini, hata hivyo, kwamba mada hii ni yetu pia, walimu na wanafunzi wa lugha, na tutajitahidi kueleza kwa nini.

Tuanze na mfano tuliojitungia wenyewe. Tuseme pikipiki imeibwa mjini Arua, muda mfupi baada ya giza kuingia, saa mbili usiku. Saa hiyo imeandikwa sawasawa, kwa Kiingereza, katika maelezo ya polisi. Kijana mmoja anakamatwa. Anajitetea kwamba wakati huo alikuwa kwao Pajulu, na anamleta shahidi: mama mwenye kibanda cha bidhaa, ambaye amezoea kwenda soko la Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na kwa hiyo anasema Kiswahili. Mama anaeleza: "Saa mbili usiku kijana huyu alikuwa kibandani kwangu, ananunua sukari." Mkalimani aliyechoka, au programu iliyomo ndani ya simu, anahamisha ile "mbili" kama ilivyo hadi kwenye Kiingereza. Sasa kumbukumbu ya mahakama inasema kwamba kijana alinunua sukari saa nane za usiku, watu wamelala. Utetezi umeanguka, na shahidi anaonekana mwongo au mlevi. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni mtu aliyejua kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa zake jua linapochomoza.

Mfano huu mdogo ndio kiini cha makala yetu. Mashine zinaharakisha sana kazi ya sheria pale ambapo sheria imeandikwa. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu haki bado inadaiwa kwa mdomo, tena kwa lugha ambazo mashine haijazizoea. Anayesimama katikati ya mdomo na karatasi ni mtu wa lugha.

Kazi ya sheria ilivyokuwa na ilivyo sasa

Kwa miaka mingi kazi ya wakili ilikuwa kazi ya karatasi na safari. Wakili wa Arua aliyekuwa na shauri katika mahakama za juu alipanda basi la usiku, akavuka Nile pale Pakwach, akasafiri kilomita zipatazo 500 hadi Kampala, pengine kwa ajili ya kukabidhi hati na kugongewa muhuri tu. Hukumu za zamani alizitafuta katika vitabu vizito ambavyo si kila ofisi ilikuwa navyo. Mahakamani jaji au hakimu aliandika ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, neno baada ya neno, na shahidi alilazimika kusubiri kalamu imfikie.

Mabadiliko yalianza polepole. Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya miamala ya kielektroniki mwaka 2011, na sheria hiyo ikaweka msingi wa kupokea kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Ujumbe wa simu na taarifa ya kutumiana pesa kwa simu vikawa na njia ya kuingia mahakamani, mradi uhalali wake uthibitishwe. Hukumu nyingi za mahakama zetu sasa zinasomwa bila malipo katika tovuti ya ULII, kama Wakenya wanavyosoma za kwao katika tovuti ya Kenya Law na Watanzania katika TanzLII. Tarehe 1 Machi 2022 Idara ya Mahakama ya Uganda ilizindua mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, unaojulikana kwa kifupi kama ECCMIS. Ulianza na baadhi ya mahakama, kisha ukaenezwa kwa awamu. Kwa mfumo huo wakili anaweza kufungua shauri na kufuatilia hatua zake akiwa mbele ya kompyuta yake. Kenya nayo ilieneza ufunguaji wa kesi kwa njia ya mtandao katika mahakama zake nchini kote mwezi Machi 2024.

Faida yake kwa mtu wa West Nile ni dhahiri. Safari ya usiku iliyogharimu nauli, malazi na siku mbili za kazi inaweza kuwa kazi ya nusu saa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jalada la kesi nalo ni mali ya mwenye kesi, na jalada lililohifadhiwa vizuri katika mfumo halipotei kirahisi kama lile la karatasi. Lakini faida hii inamfikia kwanza yule mwenye kompyuta, umeme, mtandao na Kiingereza. Asiyekuwa navyo anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Akili bandia ni nini?

Hata jina lenyewe bado halijatulia. Tanzania wengi wanasema akili mnemba, na Kenya utasikia akili unde na akili bandia. Sisi katika makala haya tunatumia akili bandia kwa sababu wanafunzi wengi wanaielewa bila maelezo.

Programu zinazozungumzwa sana siku hizi, kama vile ChatGPT iliyotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi mno na kujifunza kutokana nayo ni neno gani huelekea kufuata neno gani. Mwalimu wa lugha anaweza kulielewa jambo hili kwa haraka kuliko watu wengi, maana linafanana na zoezi letu la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwanafunzi hodari hujaza nafasi kwa neno linaloafiki sarufi na muktadha, hata kama habari yenyewe haijui. Programu hizi hujaza nafasi moja, halafu nyingine, mpaka ukurasa unajaa. Zinachotafuta ni neno linaloafiki. Neno linaloafiki mara nyingi huwa la kweli, lakini si kila mara.

Mawakili wanazitumia kufupisha nyaraka ndefu, kulinganisha vifungu vya mikataba, kuandaa rasimu za barua na hati, na kutafuta sheria inayohusika. Kazi iliyokuwa ikimchukua wakili kijana siku nzima sasa inaweza kupata rasimu yake ya kwanza kwa dakika chache. Tunasisitiza neno rasimu, kwa sababu hatari iko kwa yule anayeichukua rasimu akaifanya hati kamili.

Kesi ambazo hazikuwapo

Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York, Marekani, iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Walikuwa wamewasilisha hoja zilizotegemea hukumu za zamani walizopewa na ChatGPT. Hukumu hizo zilikuwa na majina ya wadaawa, namba na hata dondoo. Tatizo ni kwamba hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Programu ilikuwa imejaza nafasi.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Afrika Kusini iliyoko Pietermaritzburg ilikutana na jambo kama hilo katika shauri la Mavundla. Kati ya kesi tisa zilizotajwa na upande mmoja, mbili tu ndizo zilizopatikana kuwa za kweli. Mahakama ilikumbusha kwamba wajibu wa kuhakiki ni wa wakili mwenyewe, na hauwezi kukabidhiwa mashine wala msaidizi.

Kwa walimu hapa pana funzo. Wanafunzi wetu wanatuletea insha zenye vitabu visivyokuwapo na kurasa zisizofunguka. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni kwamba darasani mwanafunzi hupoteza alama, na mahakamani mtu mwingine kabisa huweza kupoteza shamba lake au uhuru wake.

Pajulu na sheria inayosemwa

Sasa turudi nyumbani. Pajulu ilikuwa eneo la mashamba lililopakana na mji wa Arua. Arua ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, Pajulu ikaingizwa ndani ya jiji hilo. Shamba la jana linaitwa kiwanja leo, na kiwanja huvuta wanunuzi. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile inamilikiwa kimila. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinautambua umiliki huo, ila mara nyingi hauna hati. Mpaka unakumbukwa kwa mti, kwa kijito, au kwa kaburi la babu, na anayeujua ni mzee wa ukoo, naye anaueleza kwa Kilugbara.

Serikali imekwisha kuziingiza kumbukumbu za ardhi yenye hati katika mfumo wa kompyuta, na ofisi ya kanda ya ardhi iko Arua kwenyewe. Kwa mwenye hati huu ni msaada mkubwa. Lakini mtu akiiuliza mashine kuhusu shamba lisilo na hati, itakuwa kimya. Na mashine ikinyamaza, mgeni mwenye karatasi huelekea kuaminiwa kuliko mwenyeji mwenye kumbukumbu. Hatari hii haikuletwa na akili bandia, lakini akili bandia inaweza kuizidisha, kwa kuwa yenyewe haina macho ya kuona kisichoandikwa.

Aidha, lugha zenyewe zinapishana njiani. Katika mahakama za halmashauri za mitaa, zile tunazoziita mahakama za LC, zinazoongozwa na sheria ya mwaka 2006, watu husikilizana kwa lugha ya mahali. Shauri likipanda kwa hakimu, lugha ya mahakama ni Kiingereza. Katikati yupo polisi, na Kiswahili kimekuwa lugha ya askari katika nchi hii tangu enzi za ukoloni. Huko Koboko huongezeka Kikakwa na Kinubi, na wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo wanakuja na Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili cha kwao. Mtu mmoja anaweza kuulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kilugbara, na jibu lake likaandikwa kwa Kiingereza.

Sheria inaijua hatari hiyo. Ibara ya 28 ya Katiba inataka mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Mahakama nazo zimesisitiza kwamba mtuhumiwa akikiri kosa, maelezo yake yaandikwe kwanza kwa lugha aliyoitumia, kisha ndipo yatafsiriwe. Sababu ni moja: maneno ya asili yakipotea, hakuna tena pa kurudi kuhakiki.

Maneno yanayotega

Tumekwisha kuona mtego wa saa. Tutaje mitego mingine mitatu ambayo mwalimu anaweza kuifundisha kesho asubuhi.

Wa kwanza ni kiambishi cha nafsi. Shahidi akisema "Alimpiga akakimbia", Kiswahili hakisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, wala hakisemi wazi nani alikimbia. Kiingereza kinalazimisha kuchagua. Programu ya kutafsiri haitauliza. Itachagua kwa mazoea ya maandishi iliyolishwa, na mara nyingi itamfanya mpigaji kuwa mwanamume. Mkalimani mwema humwomba hakimu ruhusa, akauliza.

Wa pili ni neno ndugu. Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa baba mdogo, mtu wa ukoo mmoja, au mwenzetu tu. Katika kesi ya mirathi tofauti hizo ndizo kesi yenyewe. Mashine iliyozoea kulitafsiri neno hili kwa maana ya kaka itampa urithi asiyestahili, au itamwondoa dada katika orodha.

Wa tatu ni neno hukumu. Katika mazungumzo ya kila siku tunalitumia kwa uamuzi wa mahakama, kwa kutiwa hatiani, na kwa adhabu inayofuata. Wanasheria huzitenganisha hatua hizo, na kila moja ina haki zake za rufaa. Mtu aliyeambiwa "umehukumiwa" bila kufafanuliwa hajui kama bado ana nafasi ya kujitetea ili apunguziwe adhabu. Hapa kosa si la mashine peke yake. Ni letu pia, tuliofundisha msamiati bila kufundisha matumizi yake.

Nani anaifundisha mashine lugha zetu?

Wapo waliokwisha kuanza. Tanzania, ambako mahakama za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili kwa miongo mingi, ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama zake. Baada ya hapo Mahakama ya Tanzania ilishirikiana na kampuni ya Almawave ya Italia kuweka mfumo wa akili bandia unaosikiliza mwenendo wa shauri, ukaunukuu na kuutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Jaji anapunguziwa mzigo wa kuandika kwa mkono, akapata nafasi ya kumtazama shahidi usoni. Mfumo kama huo hauwezekani bila Kiswahili kingi kilichorekodiwa na kuandikwa kwa usahihi.

Kwetu Uganda, shirika la Sunbird AI la Kampala pamoja na watafiti wa Makerere walikusanya sentensi zipatazo 25,000 zilizotafsiriwa katika Kiganda, Kiacholi, Kiteso, Kinyankole na Kilugbara. Ndiyo, Kilugbara kimo. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo sentensi 25,000 ni chache sana zikilinganishwa na bahari ya Kiingereza, na Kilugbara ni lugha ya toni, ambamo herufi zile zile zikitamkwa kwa sauti ya juu au ya chini zinaweza kuwa neno jingine. Mashine iliyosikia vibaya kwenye mazungumzo ya soko inaweza kusamehewa. Ikisikia vibaya mahakamani, kuna mtu atakayelala mahabusu.

Ama kuhusu Kiswahili chenyewe, njia yake nchini imekuwa ndefu. Idi Amin, mtu wa West Nile, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa bahati mbaya wengi wakakiunganisha na bunduki. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua utekelezaji uanze. Kikitumika mahakamani kama lugha ya kumsikiliza raia, tofauti na zamani kilipokuwa lugha ya kumwamrisha, watu watakipenda bila kuhubiriwa.

Tufanye nini darasani?

Kwanza, tufundishe ukalimani kama kazi. Kusema lugha mbili na kukalimani ni vitu viwili tofauti. Mwanafunzi ajifunze kutohukumu, kutoongeza, kutopunguza, na kusema wazi "sikuelewa, naomba arudie".

Pili, tuitumie mashine kama mwanafunzi wa kusahihishwa. Mwalimu achukue ushahidi wa kubuni wa kurasa mbili, wanafunzi waitafsirishe programu, kisha watafute makosa ya saa, nafsi, ukoo na istilahi. Zoezi hili linafundisha sarufi, tafsiri na tahadhari kwa wakati mmoja.

Tatu, tukusanye istilahi. Mtanzania anasema Mahakama ya Rufani, Mkenya anasema Mahakama ya Rufaa. Sisi tulio katikati tuandike orodha zetu, tukiweka na Kilugbara na Kikakwa pembeni, kwa kushirikiana na wazee na makarani wa mahakama.

Nne, tulinde siri. Maelezo ya mteja, ya mtoto au ya mtu aliyedhulumiwa yasimwagwe katika programu ya bure ya mtandaoni kwa ajili ya kupata tafsiri ya haraka. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na hata isingekuwapo, heshima ingetosha.

Hitimisho

Tumesikia wanafunzi wakiuliza kama kuna haja ya kusomea lugha ilhali simu inatafsiri. Tunawajibu kwa kuwarudisha kwenye kibanda cha Pajulu. Simu itatafsiri, na mara nyingi itapatia. Siku itakapokosea, mwenye kibanda hatajua, kwa kuwa hasomi Kiingereza. Hakimu hatajua, kwa kuwa hakusikia Kiswahili. Kijana aliyeko kizimbani naye hatajua kwa nini watu wote wanamtazama vile. Lazima awepo mtu mmoja chumbani atakayenyoosha mkono na kusema: "Mheshimiwa, saa mbili usiku aliyoitaja shahidi ni saa mbili ya Waswahili, muda mfupi baada ya jua kutua."

Tungependa mtu huyo awe ametoka katika madarasa yetu. Wasomaji wenye orodha za istilahi za sheria, au mazoezi waliyokwisha kuyajaribu na wanafunzi wao, tunawakaribisha wayalete idarani ili yapate nafasi katika toleo lijalo.